Binti wa kilemba na artikle 43 yetu



Mwaka 2006 nilikuwa darasa la ine, pale Kibombo. Mwisho wa mwezi direkteri alikuwa akiingia na liste. Jina lako likisomwa, unabeba makaye, unarudi nyumbani: mzazi hajalipa prime ya walimu. Mama hakuuliza kama ni haki. Sote tulizani ndiyo sheria. Kumbe Katiba ya 18 Februari mwaka ule ule, artikle 43, ilikuwa imekwisha kusema: masomo ya primeri katika shule za serikali ni ya lazima, tena ni bure.

Ile liste inanirudia kila nikisoma kesi moja ya Nairobi. Januari 2019, binti wa miaka 15 aliingia sekondari mtaani Kibra. Jamaa yao ni Marasta, na chini ya kilemba alikuwa na nywele za kusokota. Shule ikamwambia: nyoa, ama rudi kwenu. Baba yake hakubaki kugombana mlangoni. Alishitaki bodi ya usimamizi ya shule katika Mahakama Kuu. Shule ikashikilia kanuni zake za nywele. Tarehe 13 Septemba 2019 jaji Chacha Mwita akaamua: Urasta ni dini, Katiba ya Kenya inailinda, na mtoto asifukuzwe masomoni kwa sababu ya imani yake.

Lakini tusidanganyane. Januari hiyo hiyo Mahakama ya Juu ya Kenya ilifuta ushindi ambao wasichana Waislamu wa Isiolo waliupata mwaka 2016 juu ya hijabu. Ombi lao halikuletwa mahakamani kwa njia inayotakiwa. Kuwa na haki ni kitu kimoja, kujua njia ya kuidai ni kingine.

Na kwetu? Septemba 2019 vilevile, serikali ya Rais Tshisekedi ilianzisha masomo ya bure ya primeri. Hesabu mwenyewe: miaka 13 nyuma ya Katiba. Katika miaka ile wangapi waliacha masomo, na wazazi wao hawakujua kama direkteri anaweza kuulizwa?

Baba wa Kibra alijua mlango wa kugonga. Mama yangu hakuambiwa na mtu. Sisi wenye diplome, tukishuka treni Kibombo wakati wa likizo, tuwasomee wazazi artikle 43. Tena kwa Kiswahili, si kwa Kifaransa.