Adongo hakukosa nguvu, alikosa muda
Wasee, 2013 Waafrika wawili waliingia NFL kwa kazi moja: kumwangusha mrusha mpira wa wapinzani. Ziggy Ansah wa Ghana alienda Detroit Lions, msimu wa kwanza akaangusha mara 8. Daniel Adongo wetu alitoka raga moja kwa moja hadi Indianapolis Colts. Kufika 2015, safari iliisha.

Mkisema Ansah alimshinda kipaji, nakataa. Ansah alianza mchezo huo 2010 chuoni BYU, hata kuvaa vifaa alifundishwa. Alikosea huko miaka 3 bila kufutwa. Adongo alijifunzia kazini. Nguvu unakuja nayo; kutumia mikono na kumsoma anayekuzuia hufundishwa, na huchukua muda. Kabla umcheke, uliza alipewa mingapi.