Serahangi, si Kidhibiti

Juzi nimeletewa waraka wenye tungo hili: "kidhibiti cha sehemu za ufikiaji pasiwaya". Nikalisoma mara mbili, ya pili kwa sauti, pumzi ikaniishia kwenye ufikiaji. Kilichokusudiwa ni ile mashine ambayo mafundi huiita kontrola, inayoongoza vituo vyote vya waifai vya jengo zima.

Tuanze na ufikiaji. Mswahili hufikia kwa shangazi yake, au hufikia gesti. Sehemu ya kufikia ina kitanda na chandarua. Waheshimiwa waliopitisha neno hili nadhani walikuwa wamefikia hoteli nzuri, ndiyo maana halikuwasumbua.

Ugomvi wangu hasa ni kidhibiti. Mzizi wake ni wa Kiarabu, wenye maana ya kushika barabara, na ndio uliotuzalia dhabiti na madhubuti. (Thabiti ni wa ukoo mwingine kabisa, ingawa yuko mjuzi mmoja aliyesimama ukumbini kunisahihisha huku akiyachanganya yote matatu.) Tunadhibiti magendo, moto, mfumuko wa bei. Kudhibiti ni kuzuia jambo lisizidi.

Mashine hii inazuia nini? Kituo chepesi cha waifai kikichomekwa, hakijui hata jina la mtandao wake. Hutafuta mkubwa wake kwanza, kisha hupokea kwake mipangilio yote: jina, nywila, masafa, nguvu ya kurusha. Jirani akishika chaneli ya 1, yeye hupewa ya 6 au ya 11 wasigongane. Kwa itifaki ya CAPWAP, iliyochapishwa 2009, amri hupita mlango wa 5246 na mizigo ya watumiaji wa 5247. Na kwa kawaida kila sekunde 30 kituo huitika kwamba bado kipo. Kazi za papo kwa papo, kama kuijibu simu kwamba kifurushi chake kimepokewa, hubaki kwa kituo chenyewe. Huo ni usimamizi wa kazi, tena wa mwenye kuita majina.

Mtu wa namna hiyo baharini tunaye: serahangi, mkuu wa mabaharia. Neno ni la Kiajemi, na mwanzo wake ni sar, yaani kichwa. Kichwa hichohicho kimo katika serikali, kikiwa kimeunganishwa na kar, kazi. Iran mpaka leo sarhang ni cheo cha jeshini, sawa na kanali. Nahodha naye ni Mwajemi, kutokana na chombo na bwana wake. Basi wako ndugu wawili wa sitaha moja, na mpangilio umekamilika wenyewe: msimamizi wa mtandao ni nahodha, mashine ni serahangi, vituo ni mabaharia. Nahodha hamfokei kila baharia; humwambia serahangi, yatosha. Na serahangi akipotea, mabaharia humtafuta mwingine, au wale waliofundishwa huendelea kuvuta kamba wenyewe.

Niliyaandika haya yote, kurasa 11, nikayapeleka panapohusika. Jibu lilikuwa mstari mmoja: neno limepitwa na wakati. Ikulu nalo lilikuwa makao ya watemi wa bara kabla halijahamia Magogoni, na sijasikia mtu akilalamika. Mwingine, kijana mwenye haraka, anapendekeza mnyapara. Mnyapara ana fimbo na harufu ya gereza. Simtaki kwenye mtandao wangu.

Matumizi: serahangi huyu, maserahangi hawa, kwa upatanisho wa viumbe hai, "serahangi amezimika, vituo ishirini havina mkubwa". Mafundi wataendelea kusema kontrola, najua. Hao siwalaumu, kwa kuwa hawakulipwa posho ya kikao.