Jinsi ya kusawazisha mwanga katika picha za mandhari ya Mto Tana

WAPIGAPICHA wanaouza kazi zao kupitia kampuni za mtandaoni kama vile Alamy, Shutterstock na Adobe Stock wanaufahamu uchungu wa kujibiwa kwa maneno machache kwamba picha imekataliwa kwa sababu ya kasoro ya mwanga. Katika nyanda tambarare za Garsen, Kaunti ya Tana River, kasoro hiyo hutokea kwa urahisi, na aghalabu chanzo chake si ubovu wa kamera.

Mto Tana, ambao ndio mrefu zaidi nchini kwa takriban kilomita 1,000, hutoka nyanda za juu za Mlima Kenya na Aberdare na kumwaga maji yake katika Bahari Hindi karibu na Kipini. Delta yake iliorodheshwa chini ya Mkataba wa Ramsar mnamo 2012. Hata hivyo, sehemu hizo huonekana katika vyombo vya habari hasa wakati wa mafuriko, kama yale ya 2018 na 2024. Picha njema ya siku ya kawaida ina thamani yake.

Ugumu huanzia ukingoni. Mpigapicha hukabiliwa kwa pamoja na anga nyeupe, maji yanayoakisi jua na vivuli vizito vya miembe na mikoma. Kamera nayo hukadiria kwamba mandhari yote yana mwangaza wa wastani. Anga ikitawala picha, kamera hupunguza mwanga na ardhi ikawa giza. Miti ikitawala, kamera huongeza mwanga, na mawingu hugeuka doa jeupe lisilo na chochote ndani yake.

Kati ya makosa hayo mawili, la pili ndilo baya zaidi, kwani wingu lililoungua halirejeshwi ilhali kivuli huweza kuinuliwa. Kwa hivyo, linda anga kwanza. Tazama histogramu, yaani mchoro wa mwanga katika kioo cha kamera. Ukigota upande wa kulia, punguza mwanga kidogo kidogo kwa kitufe chenye alama za kujumlisha na kutoa, kisha upige tena.

Saa pia ni muhimu. Garsen iko zaidi kidogo ya digrii 2 kusini mwa Ikweta, hivyo jua la adhuhuri hupita karibu na utosi, hasa Machi na Septemba, na rangi hufifia. Fika kabla ya saa kumi na mbili na nusu asubuhi, au usubiri saa kumi na moja na nusu jioni, jua likiwa chini na miti ikirefusha vivuli vyake.

Fauka ya hayo, hifadhi picha katika umbo la RAW. Faili ya JPEG huwa na viwango 256 vya mwangaza kwa kila rangi, ilhali RAW ya biti 14 huwa na viwango 16,384. Tofauti hiyo ndiyo nafasi ya kusahihisha.

Katika programu kama Lightroom, au darktable isiyolipiwa, anza kwa kusawazisha rangi, kisha shusha mawingu, inua vivuli na umalizie kwa kuongeza utofauti kwa kiasi. Vivuli vikiinuliwa kupita kiasi, chembechembe hujitokeza, nazo pia ni sababu ya picha kukataliwa. Ikague picha katika ukubwa wa asilimia 100 kabla ya kuituma.

Mwisho, usiyageuze maji kuwa ya buluu. Ukahawia wa Tana unatokana na udongo uliobebwa kutoka nyanda za juu, na mnunuzi anayetafuta mto huo anautaka jinsi ulivyo. Ikiwa anga iliungua tangu picha ilipopigwa, usipoteze muda kuihariri. Rudi ukingoni alfajiri.