TB ya Uti wa Mgongo: Ugonjwa wa Kale Wenye Tiba

Tukisikia TB, wengi wetu hufikiria kikohozi. Lakini viini vya TB vikishaingia mapafuni huweza kusafiri kwa damu hadi kwenye mifupa, hasa ya uti wa mgongo. Mtoto akiota nundu mgongoni, wengine husema amerogwa. Sivyo.

Ugonjwa huu ni wa kale. Maiti za Misri zilizohifadhiwa miaka karibu 3,000 zimekutwa na migongo iliyopinda kwa sababu yake. Mwaka 1779, Percivall Pott, daktari wa upasuaji wa London, alieleza jinsi mgongo unavyopinda na miguu kupooza. Chanzo hakukijua. Robert Koch ndiye aliyetangaza kiini cha TB mjini Berlin mwaka 1882. Eksirei ikagunduliwa 1895, na madaktari wakaweza kuona mifupa iliyoliwa.

Lakini kuona si kutibu. Watoto walilazwa kitandani miezi mingi, hata miaka, wamefungwa plasta. Dawa ya kwanza ya kuua kiini hiki, streptomaisini, ilipatikana 1943, na nyingine zikafuata. Kisha utafiti ulioanza Korea miaka ya 1960 ulionyesha kwamba waliomeza dawa huku wakitembea walipona sawa na waliolazwa. Kumbe kilichoponya ni dawa, si kitanda.

Mama, tazama dalili hizi: maumivu ya mgongo yasiyoisha, homa, jasho la usiku, kukonda, au mtoto kuchuchumaa badala ya kuinama anapookota kitu. Usingoje kikohozi, huenda kisiwepo. Nundu isikandwe wala isichanjwe. Miguu ikilegea au mkojo ukimshinda, mpeleke hospitali siku hiyo hiyo.

Huko atapigwa picha, na pengine usaha au kipande cha mfupa kitatolewa kwa sindano kupimwa. Hapa Kenya, dawa za TB ni bure katika vituo vya serikali, na TB ya mifupa hutibiwa miezi 12. Maumivu yakiisha mwezi wa pili, usiache dawa. Wachache huhitaji upasuaji.

Kumbuka: dawa huua viini, lakini mgongo uliokwisha kupinda huenda usinyooke tena. Kwa hiyo mlete mapema, kabla nundu haijatokea. Kwaherini.