Baba Mwenye Nyumba: Kicheko na Ukweli katika Safu ya Wahome Mutahi

Ni kawaida kuieleza tashtiti kama kificho: mwandishi husema kwa mzaha yale ambayo angeyasema waziwazi lau angekuwa huru. Maelezo hayo yanapwaya tukiyapima kwa kazi za Mkenya Wahome Mutahi, maana yeye aliandika kwa njia zote mbili. Mwaka 1986, serikali ilipokuwa ikiwasaka watu waliohusishwa na vuguvugu la Mwakenya, lililoipinga serikali kwa siri, alikamatwa akafungwa. Riwaya yake ya Three Days on the Cross, iliyotoka mwaka 1991, inayakabili mateso ya mahabusu wa kisiasa ana kwa ana. Lakini katika safu ya Whispers, aliyoiandika magazetini tangu miaka ya 1980 hadi alipofariki mwaka 2003, alichekesha. Nashikilia kwamba safu hiyo ilifichua jambo ambalo riwaya haikuweza kulifikia.

Msomaji wa riwaya humhurumia anayeteswa, humchukia mtesaji, naye mwenyewe hubaki pembeni, mikono safi. Whispers haimwachii nafasi hiyo. Mhusika mkuu ni baba mpenda pombe anayejiona bwana mkubwa. Mkewe amebandikwa jina la Thatcher, la yule mwanamke aliyekuwa waziri mkuu wa Uingereza, na bintiye anaitwa Pajero. Fedha za nyumba zinaishia baa, kisha mwenye nyumba anarudi usiku akidai heshima. Tukumbuke nchi ilivyokuwa: Kenya ilifanywa kisheria kuwa ya chama kimoja mwaka 1982, na mwaka 1984 Rais Moi aliwataka mawaziri wake waimbe kama kasuku wimbo aliouimba yeye. Baba anayetapanya riziki ya watoto huku akitaka atiiwe bila kuulizwa alikuwa Ikulu, na alikuwa pia sebuleni mwa msomaji. Msomaji alicheka kwa kuwa alimtambua mtu huyo, na kumtambua kulimlazimu ajiulize amemwona wapi. Utawala wa mabavu, Mutahi anatuonyesha, hauletwi na mkubwa mmoja tu. Unafunzwa majumbani, na wengi wanaounung'unikia ndio wanaoufunza. Ukweli huo ukihubiriwa, watu hukasirika na kuziba masikio. Kwa kicheko, msikilizaji huwa ameshaukubali kabla hajapata muda wa kujitetea.

Wapo watakaosema kicheko hupunguza hasira, na mtu aliyecheka Jumapili hurudi kazini Jumatatu akiwa mtiifu kuliko jana. Ni kweli kwamba safu ya gazeti haikumng'oa mtu madarakani. Hata hivyo, woga hupata nguvu pale kila mtu anapodhani yuko peke yake katika fikra zake; watu wanaocheka pamoja kwa jambo moja wamekwisha kujuana. Pingamizi zito zaidi ni la jina Thatcher, ambalo linaweza kusomwa kama dharau kwa mwanamke mwenye msimamo. Sitaki kulipuuza, kwani bila shaka wapo wanaume waliolicheka hivyo. Lakini katika masimulizi yenyewe ni mke anayeisimamisha nyumba, na aibu humwangukia mume.

Uhakiki wetu umezoea kuipa riwaya heshima na kuiacha safu ya gazeti ifungiwe maandazi. Anayetaka kuielewa Kenya ya miaka ile aanze na Whispers, na idara zetu za fasihi ziiweke katika mitaala.