Fedha za miradi Mara: nani wa kuuliza?

Mwaka 1984 Mwalimu Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alikiri hadharani kwamba kama angeanza upya asingezifuta serikali za mitaa wala vyama vya ushirika. Kuhusu serikali za mitaa, alikuwa akizungumzia uamuzi wa 1972, ule wa Madaraka Mikoani, ambao kwa jina uliahidi kuwasogezea wananchi uamuzi, lakini kwa vitendo uliwaondoa madiwani na kuwaweka wakurugenzi wa maendeleo walioteuliwa kutoka juu. Halmashauri za Mara zilitoweka pamoja na nyingine zote nchini. Ofisi zilisogea karibu na wananchi, ila mtumishi wa umma hakuwa tena na mtu wa kumhoji ambaye kesho angerudi kwa wapiga kura. Tangu hapo, kila mara haki ya kukagua fedha ilipotenganishwa na haki ya kuamua matumizi yake, ukaguzi umebaki kwenye makaratasi.

Sheria za 1982 zilirudisha halmashauri, nazo zikaanza kazi 1984. Mkutano mkuu wa kijiji ulipewa nafasi ya juu kabisa kijijini, na mapato na matumizi yanapaswa kusomwa mbele yake kila robo mwaka. Lakini nguvu ya kuuliza ilitegemea pia fedha imetoka wapi. Kodi ya maendeleo, ambayo wengi waliiita kodi ya kichwa, ilifutwa 2003, na mwaka wa fedha 2016/17 ukusanyaji wa kodi ya majengo ukahamishiwa Mamlaka ya Mapato, hivyo manispaa kama Musoma zikapoteza chanzo cha uhakika. Ruzuku ya Hazina ikawa tegemeo, na macho ya watendaji yakaelekea Dodoma. Atakayesema kodi ya kichwa ilikuwa ya mateso yuko sahihi: ilimtoza maskini sawa na tajiri, na wasioweza kulipa walisakwa kama wahalifu. Kuifuta kulikuwa haki. Kosa lilikuwa kutoweka mahali pake chanzo kingine ambacho mwananchi angekiona kuwa chake na kukidai hesabu.

Mfuko wa Kuchochea Maendeleo ya Jimbo, ulioanzishwa kwa sheria ya 2009, ulionekana kuwa jibu, kwa kuwa fedha zake humalizia kazi ambazo wanakijiji wenyewe wamezianza, kama maboma ya madarasa na zahanati. Tatizo ni kwamba mwenyekiti wa kamati yake ni mbunge, yule yule anayetakiwa kuisimamia Serikali bungeni. Huko Kenya, Mahakama ya Juu iliibatilisha Agosti 2022 sheria ya 2013 ya mfuko wa aina hiyo, moja ya sababu ikiwa kwamba mbunge hawezi kutunga sheria, kuikagua serikali na wakati huo huo kutekeleza miradi. Hoja hiyo ina uzito hata upande huu wa mpaka.

Wapo wanaodai wanakijiji hawana utaalamu wa kukagua ujenzi. Ni kweli kwamba nguzo na mchanganyiko wa zege vinahitaji mhandisi wa halmashauri. Lakini ripoti ya Mdhibiti na Mkaguzi Mkuu humfikia Rais mwishoni mwa Machi, miezi tisa baada ya mwaka wa fedha kufungwa, wakati ukuta umeshapigwa rangi. Mzazi anayepita shuleni kila asubuhi anajua mifuko mingapi ya saruji imeshushwa, na kamati za ujenzi, manunuzi na mapokezi, ambazo zilisimamia madarasa mengi yaliyojengwa kwa fedha za mapambano dhidi ya UVIKO-19 mwaka 2021, zilimpa mahali halali pa kuuliza.

Miradi mikubwa ndiyo migumu zaidi. Mradi wa maji wa Mugango–Kiabakari–Butiama ulipata fedha za Serikali, za benki ya BADEA na za Mfuko wa Maendeleo wa Saudi Arabia, na hakuna kamati ya kijiji inayoweza kupima bomba la aina ile. Hata hivyo, kwa miradi kama huo, gharama ya mkataba, jina la mkandarasi, tarehe ya kukamilisha na orodha ya vituo vya kuchotea maji vinaweza kubandikwa kwenye ubao wa kila kijiji linakopita bomba, na baraza la madiwani likamwita msimamizi wa mradi kila robo mwaka, kabla malipo yanayofuata hayajatoka.