Mwenye Duka, Mwenye Sigara na Gari la Mbio

Pasaka ya mwaka 1966, Peugeot 404 iliyotoka Dar es Salaam ilimaliza mbio za East African Safari ikiwa mbele ya magari yote. Usukani aliushika Bert Shankland, Mskoti aliyekuwa na makazi yake Dar, na msoma ramani wake alikuwa Chris Rothwell. Mwaka uliofuata wawili hao walirudi na Peugeot 404, wakashinda tena. Hadi wakati huo madereva waliolibeba jina la Safari walikuwa zaidi watu wa Nairobi, kwa hiyo ushindi wa mara mbili mfululizo wa gari la pwani haukuwa jambo dogo.

Gari lile lilikuwa na mwenyewe. Shankland alikuwa mtu wa Tanganyika Motors, kampuni iliyouza Peugeot mjini, na ndiyo iliyomsimamia. Kwa lugha ya leo tungesema alikuwa na mdhamini. Tofauti ni kwamba mdhamini yule hakuwa na haja ya kubandika jina lake mlangoni mwa gari ili apate faida, kwa sababu alichokuwa akikiuza ni gari lenyewe. Mkulima wa Kilosa au mfanyabiashara wa Iringa aliyesikia redioni kwamba 404 imevuka matope ya Usambara na mawe ya Mbulu ikarudi nzima alijua dukani akatafute nini.

Safari yenyewe ilizaliwa katika mantiki hiyo ya dukani. Ilipoanza mwaka 1953, ikiitwa Coronation Safari kwa heshima ya kutawazwa kwa Malkia Elizabeth II, magari yalipangwa katika madaraja kwa bei yake sokoni Afrika Mashariki, wala si kwa ukubwa wa injini. Mnunuzi aliweza kulinganisha: kwa pesa niliyo nayo, gari lipi linastahimili barabara zetu za Kenya, Uganda na Tanganyika? Volkswagen ile ya mgongo wa kobe iliyoongoza mwaka huo wa kwanza ilishinda tena 1954, 1957 na 1962, na wakala wake, Cooper Motor Corporation, hakuhitaji tangazo lingine lenye nguvu kuliko hilo. Peugeot 404 ikafuata njia hiyohiyo: Nick Nowicki na Paddy Cliff waliipa ushindi 1963 na 1968, na kati ya miaka hiyo wakaingia Shankland na Rothwell. Mwaka 1963 yaliondoka magari 84, yakafika 7. Mwaka 1968 vilevile yalifika 7 tu.

Kwa kuwa gari lilitakiwa lifanane na lile la dukani, marekebisho yake yalikuwa ya kuliokoa zaidi kuliko ya kulikimbiza. Fundi alianzia chini. Karta ilifunikwa kwa bamba nene la chuma, maana jiwe moja likiitoboa mafuta yote humwagika na injini hufa. Maungio ya bodi yaliongezwa weldi ili yasifunguke kwa kupigwa na makorongo. Springi na shokapu zilibadilishwa, mbele pakafungwa bomba la kujikinga na wanyama pamoja na taa za ziada, na matairi ya akiba yakawa mawili. Baadhi ya magari yaliwekewa vikanyagio na vishikio nyuma: gari likinasa kwenye tope, msoma ramani alishuka, akapanda pale nje, akaning'inia ili uzito wake uyakandamize matairi yanayosukuma. Chini ya boneti ya 404 ya Safari palikuwa na injini ya sisi 1,618 yenye pampu ya kupulizia mafuta, na mtu mwenye pesa angeweza kuinunua ya aina hiyo.

Udhamini wa namna hii ulikuwa wa vitu zaidi kuliko fedha taslimu. Wakala alitoa gari, vipuri kutoka stoo yake, mafundi wake na muda wa karakana. Dereva asiye na wakala alilazimika kutafuta ujanja. Joginder Singh wa Kenya alishinda mwaka 1965 kwa Volvo PV544 iliyokwishatumika, mojawapo ya magari ambayo kiwanda kiliyaleta Safari ya 1964. Volvo walipata sifa kubwa kwa gari ambalo walikuwa wamekwisha kuachana nalo.

Kisha fedha za aina nyingine zikaingia. Mwaka 1968 wakuu wa mchezo wa magari duniani walilegeza masharti ya matangazo, na mwaka huohuo Lotus ya Colin Chapman ikaonekana kwenye mashindano ya Formula One ikiwa na rangi za sigara za Gold Leaf. Ubavu wa gari ukawa ukuta wa kukodisha. Aliyeukodi hakujali kama difu ya gari ni imara au springi zake zinahimili. Alichotaka ni gari lipigwe picha, hata likipinduka. Miaka ya 1980 Safari yenyewe ilikuwa ikiitwa Marlboro Safari Rally, na muongo uliofuata Subaru za bluu zilikimbia zikiwa na namba 555, ambayo nayo ilikuwa chapa ya sigara.

Dar es Salaam ilikaribia sana kuzionja fedha hizo, kisha ikapitwa. Mwaka 1972 Safari ilianzia Dar, na Hannu Mikkola wa Finland akawa mgeni wa kwanza kutoka nje ya Afrika Mashariki kuishinda, akiendesha Ford Escort ya timu ya kiwanda. Mwaka 1973 Shekhar Mehta, kijana wa familia ya viwanda vya sukari vya Lugazi iliyofukuzwa Uganda na Idi Amin mwaka mmoja kabla, alishinda kwa Datsun 240Z. Kuanzia 1974 mbio zikabaki ndani ya Kenya peke yake. Mipaka ilikuwa imeanza kuwa na maneno, na Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika miaka mitatu baadaye.

Lakini hata kama Safari ingeendelea kupita Morogoro na Lushoto, ni nani Dar angeitolea gari? Baada ya Azimio la Arusha la 1967 makampuni makubwa ya uagizaji yalitaifishwa, na uagizaji wa magari ukaja kushikwa na shirika la umma, State Motor Corporation. Gari jipya lilipatikana kwa kibali na kwa kusubiri. Muuzaji mmoja, wanunuzi foleni: pale hapakuwa na sababu ya kumthibitishia mtu kwamba gari hili ni bora kuliko lile. Mafuta yalipokuwa haba, kuna kipindi magari binafsi yalikatazwa kutembea Jumapili kuanzia saa 8 mchana bila kibali. Katika hali hiyo, kumwomba meneja wa shirika la umma mafuta ya kukimbizia gari porini kungekuwa kujitafutia maswali.

Isidhaniwe kwamba kampuni za Dar hazikuwa na mkono wa kutoa. Zilitoa, tena kwa miaka mingi, ila walengwa wao walikuwa wanamuziki na wachezaji mpira. Shirika la Bima lilikuwa na Bima Lee. Shirika la mabasi ya jiji, UDA, lilikuwa na UDA Jazz. Kiwanda cha sigara cha Chang'ombe, wilaya ya Temeke, kilikuwa na timu ya Sigara iliyocheza ligi ya taifa. Mfano mzuri kuliko yote ni wa Kinondoni: Mlimani Park Orchestra iliundwa 1978 chini ya Tanzania Transport and Taxi Services, kampuni ya usafiri na teksi, na kampuni hiyo iliposhindwa mwaka 1983 bendi ikachukuliwa na DDC, shirika la maendeleo la Dar es Salaam. Kampuni iliyoishi kwa magari ilinunua magitaa na tarumbeta, ikalipa wanamuziki mishahara.

Ukiangalia kwa jicho la mhasibu, uamuzi huo ulikuwa na akili. Bendi ilipiga ukumbini kila wiki, watu walilipa kiingilio, nyimbo zilirekodiwa na Redio Tanzania zikasikika hadi Kigoma, na mwanamuziki alihesabiwa kuwa mfanyakazi kama wengine. Gari la mbio hula matairi na mafuta, hupita mbele ya mtu kwa sekunde chache, na likivunjika hakuna cha kuonyesha isipokuwa chuma chakavu.

Mwaka huohuo wa 1983 magari yaliyofanyiwa marekebisho yakajaa mitaani, ila hayakuwa ya mbio. UDA ilikuwa imezidiwa na abiria, na serikali ikaruhusu magari ya watu binafsi kubeba watu. Mwaka uliofuata wenye fedha zao za kigeni wakaruhusiwa kuagiza bidhaa bila kuulizwa sana zimetoka wapi, na pikapu zikaanza kuteremka bandarini. Katika gereji bubu za Temeke, Tandale na Buguruni, mafundi waliigeuza pikapu kuwa basi: wakachomelea fremu ya vyuma nyuma, wakaezeka, wakafunga mabenchi mawili ya mbao yanayotazamana na kingo ya kupandia. Wakazi wakayaita chai maharage. Hapa pia jina la kampuni lilikuwemo kwenye hesabu, lakini fedha zilitembea kinyume na zilivyotembea kwa Shankland: mwenye gari ndiye aliyelipa ada kwa UDA ili aruhusiwe kufanya kazi chini ya mwavuli wake.

Ufundi uleule wa Safari ulihamia kwenye magari hayo, ingawa hakuna aliyeuita hivyo. Pikapu iliyotengenezwa kubeba mzigo wa wastani ilipakiwa watu wazima hadi mlangoni, ikapita kwenye mashimo ya Mbagala na Manzese kuanzia alfajiri hadi usiku. Springi ziliongezewa majani. Chesisi iliyopasuka ilipigwa viraka vya chuma. Gharama zote zilikuwa za mwenye gari, na dereva alitakiwa kumpelekea hesabu yake jioni, iwe siku njema au mbaya.

Uchumi ulipofunguliwa miaka ya 1990, kampuni zenye bajeti za matangazo zilirudi. Bia, soda, na baada ya muda simu za mkononi, zilipigania kuta, vibanda na vifua vya wachezaji wa Simba na Yanga. Mbio za magari nazo zikapata uhai. Rally of Tanzania iliingia kwenye kalenda ya ubingwa wa Afrika, na Subaru Impreza na Mitsubishi Lancer Evolution zikawa magari ya kawaida kwenye vumbi la Bagamoyo na Morogoro. Ila aliyelipa mara nyingi alikuwa dereva mwenyewe au familia yake, na jina lililobandikwa mlangoni lilikuwa la biashara ya nyumbani. Meneja masoko wa kampuni ya nje, akipokea barua ya kuomba udhamini, alikuwa na swali moja gumu: watazamaji wako wangapi, na wako wapi? Uwanja wa Uhuru, Temeke, ulijibu swali hilo kwa kuhesabu tiketi. Barabara ya vumbi kwenye shamba la mkonge haiwezi. Ndiyo maana aliyekubali kusaidia alipendelea kutoa mafuta, matairi au vyumba vya kulala, kuliko kusaini hundi.

Sigara, mdhamini aliyewahi kutoa bila kuuliza sana, alibanwa na sheria. Tanzania ilipitisha Sheria ya Bidhaa za Tumbaku mwaka 2003, na Ulaya ikayafungia matangazo ya sigara kwenye michezo mwaka 2005. Hata hivyo jani lenyewe halijatoka kwenye picha: katika miaka ya karibuni mbio za ubingwa wa Afrika nchini zimekimbizwa kwa jina la Mkwawa Rally of Tanzania, jina la kampuni ya tumbaku yenye makao Morogoro.

Kenya ilikwenda njia nyingine. Safari iliondolewa kwenye ubingwa wa dunia baada ya 2002, na benki ya KCB ikaishika mkono katika miaka ya kusubiri. Iliporudi Naivasha mwaka 2021, serikali na kampuni zilikuwa nyuma yake. Februari 2022 kijana McRae Kimathi alishiriki mbio za dunia nchini Sweden, kwenye theluji, kwa Ford Fiesta iliyosaidiwa na kampuni za nyumbani, Safaricom ikiwa mojawapo. Kilichowavuta wadhamini hao ni tukio la taifa linaloonyeshwa kwenye televisheni za nchi nyingi, kitu ambacho Dar haijakuwa nacho tangu 1973.

Na yule mdhamini wa kwanza, muuza magari? Mawakala wa magari mapya wapo, lakini magari mengi yanayoteremka bandari ya Dar es Salaam sasa ni ya mitumba kutoka Japani, yaliyochaguliwa kwa simu kwenye intaneti. Muuzaji wake hauzi Toyota dhidi ya Nissan. Anauza yote, kwa hiyo hanufaiki gari moja likilishinda jingine. Be Forward, mojawapo ya kampuni kubwa za biashara hiyo, ilipoamua kudhamini michezo kusini kidogo ya hapa, ilikwenda kwenye mpira: kwa miaka kadhaa klabu ya Wanderers ya Blantyre, Malawi, iliitwa Be Forward Wanderers. Kwa magari ilitumia njia nafuu zaidi, yaani stika yenye jina lake kwenye kioo. Mwenye gari amelinunua kwa pesa yake, ushuru amelipa mwenyewe, na tangazo la kampuni analizungusha bure kutoka Mbagala hadi Kinondoni, mpaka jua litakapoibandua.